James Watt, Fundi wa Mitambo ya Mvuke

Tazama balbu ya taa ya umeme. Juu ya kioo chake, au karibu na kitako chake, imeandikwa tarakimu na herufi: labda 60 W, labda 9 W. Herufi W ni ya neno wati, nalo ni kipimo cha kasi ya kufanya kazi. Ukiinua embe dogo lenye gramu 100 hata kimo cha mita moja kwa muda wa sekunde moja, umefanya kazi kwa kasi ya wati moja hivi. Kipimo hiki kilipewa jina la mtu. Mtu huyo hakuvumbua taa ya umeme, na alifariki miaka mingi kabla taa hizo hazijaingia majumbani. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia, na jina lake lilikuwa James Watt.

Utoto wake

James Watt alizaliwa tarehe 19 Januari, 1736, katika mji wa bandari wa Greenock, nchini Uskochi, kaskazini mwa kisiwa cha Uingereza. Babu yake alikuwa mwalimu wa hesabu. Baba yake alikuwa na karakana karibu na bahari, ambamo vifaa vya meli vilitengenezwa na kukarabatiwa. Alifanya pia biashara na makoloni ya Amerika. Bidhaa nyingi zilizopita katika bandari za pwani ile, kama vile tumbaku na sukari, zilitokana na jasho la Waafrika waliofanywa watumwa ng'ambo ya bahari. Jambo hilo halina budi kutajwa kila tunaposimulia utajiri wa Uingereza wa siku zile.

James alikuwa mtoto dhaifu. Mara kwa mara aliumwa kichwa kwa siku nyingi, hata akashindwa kwenda shule. Kwa hiyo mama yake alimfundisha kusoma nyumbani, na baba yake akamfundisha kuandika na kuhesabu. Aliponyanyuka kitandani alishinda katika karakana. Humo alipewa meza yake mwenyewe, vyombo vidogo vya kufanyia kazi na kalibu ndogo ya kuyeyushia madini. Alitengeneza mifano ya winchi na roda kama zile alizoziona bandarini. Mafundi wa baba yake walikiri kwamba kijana yule alikuwa na mikono myepesi.

Wengi husimulia kwamba siku moja alitazama birika la chai likichemka, akaona kifuniko kikiinuliwa na mvuke, na hapo hapo akavumbua mtambo wa mvuke. Hadithi hiyo ni tamu, lakini haituonyeshi jambo alilolifanya kwa kweli. Nguvu ya mvuke ilikuwa imekwisha kujulikana, na mitambo ya mvuke ilikuwa ikifanya kazi migodini kabla yeye hajazaliwa. Kazi ya Watt ilikuwa ngumu kuliko kutazama birika.

Anajifunza ufundi

Mama yake alipokwisha kufariki, na biashara ya baba yake ilipoanza kuanguka, James aliazimia kujifunza kazi ya kutengeneza vyombo vya kupimia: dira, mizani, rula, na vyombo vya mabaharia vya kupimia pembe za jua na nyota. Katika Uskochi hakupata mtu wa kumfundisha vyema. Mwaka 1755 alikwenda London, safari ya siku nyingi juu ya farasi.

Huko alikuta kizuizi. Mafundi wa London walikuwa na chama chao, na sheria ya chama ilisema kwamba mwanagenzi lazima atumikie miaka saba. Watt alikuwa na umri wa miaka 19, wala hakuwa na fedha za kukaa miaka saba. Alizunguka mjini majuma mengi akikataliwa, mpaka fundi mmoja aitwaye John Morgan alipokubali kumfundisha kwa mwaka mmoja tu, kwa malipo ya gini 20 pamoja na kazi ya mikono yake. Mwaka huo Watt alifanya kazi tangu asubuhi hata usiku, akala chakula kidogo ili asimtwishe baba yake mzigo, na mara chache sana alithubutu kutembea mitaani, kwa maana wakati huo serikali ilikuwa ikiwakamata vijana kwa nguvu na kuwatia katika manowari. Mwaka ulipokwisha afya yake ilikuwa imedhoofika, lakini aliweza kutengeneza kwa shaba nyeupe chombo ambacho wengine walihitaji miaka mingi kukijua.

Alirudi nyumbani mwaka 1756, na mwaka uliofuata Chuo Kikuu cha Glasgow kilimpa chumba cha karakana ndani ya majengo yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza na kukarabati vyombo vya sayansi. Huko alipata rafiki mkubwa, Profesa Joseph Black, mtaalamu wa kemia na wa elimu ya joto. Tukumbuke jambo hili: fundi mwenye tupa mkononi na mtaalamu mwenye vitabu walikutana kila siku katika chumba kimoja. Yaliyofuata hayangewezekana kwa mmoja wao peke yake.

Mtambo wa Newcomen

Ili kuelewa yaliyofuata, yatupasa kwanza kuujua mtambo uliotumika zamani hizo. Mtu wa kwanza kutengeneza mtambo wa mvuke wenye pistoni uliofaa kwa kazi ya migodi alikuwa Thomas Newcomen, fundi wa vyuma wa Uingereza, mwaka 1712. Migodi ya makaa ya mawe ilikuwa ikijaa maji, na watu na farasi walishindwa kuyatoa. Mtambo wa Newcomen uliyapiga bomba maji hayo.

Mtambo ule ulifanyaje kazi? Fanyeni jaribio hili pamoja na mwalimu. Moto na kopo vishikwe na mwalimu mwenyewe, na wanafunzi wakae mbali kidogo. Twaeni kopo kubwa la bati lenye kifuniko cha kukaza. Liwe safi, tena lisiwe lililowahi kutiwa petroli wala mafuta ya taa. Tieni maji kidogo ndani, kiasi cha kikombe kimoja, na kulichemsha bila kifuniko mpaka mvuke utoke mdomoni kwa wingi. Kwanza kopo liondolewe motoni, ndipo lifunikwe na kukazwa. Kamwe lisifunikwe likiwa motoni, kwa maana laweza kupasuka na kuwaunguza watu. Sasa limwagieni maji baridi. Mtaona kopo likijikunja na kubonyea kwa kelele kana kwamba limepigwa nyundo.

Ni nani aliyelibonyeza? Ni hewa. Mvuke ulikuwa umeifukuza hewa iliyokuwamo ndani ya kopo. Ulipopozwa uligeuka tena kuwa matone machache ya maji, na ndani ya kopo pakabaki karibu patupu. Hewa ya nje, ambayo husukuma kila sentimita moja ya mraba kama uzito wa kilo moja hivi, haikuwa na kitu cha kuizuia. Katika mtambo wa Newcomen, mvuke uliingia katika silinda chini ya pistoni, kisha maji baridi yakanyunyizwa humo ndani. Mvuke ulipogeuka maji, hewa iliisukuma pistoni chini, na pistoni ikavuta ncha moja ya boriti kubwa kama mchezo wa pembea wa watoto. Ncha ya pili ya boriti ilipanda na kuvuta bomba la maji. Kisha mvuke ukaingia tena.

Mtambo huu ulikuwa mlafi. Ulikula makaa kwa malundo. Penye mgodi wa makaa haukuwa na taabu, kwani makaa yalikuwa karibu; lakini penye migodi ya bati na shaba, ambako makaa yaliletwa kwa meli, gharama yake iliwafilisi wenye migodi.

Mfano ulioharibika

Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 hadi 1764, Watt aliletewa kazi ndogo. Chuo kikuu kilikuwa na mfano mdogo wa mtambo wa Newcomen wa kuonyeshea wanafunzi, nao haukufanya kazi vizuri. Silinda yake ilikuwa na upana wa sentimita 5 hivi. Watt aliutengeneza, akauwasha, akashangaa. Mfano ulivuta mara chache tu, kisha ukasimama kwa kukosa mvuke, ingawa boila yake ilionekana kubwa ya kutosha.

Fundi mvivu angesema kwamba kazi yake imekwisha, akachukua ujira wake na kwenda zake. Watt alianza kupima. Alipima maji yaliyochemshwa na mvuke uliopatikana. Aligundua kwamba maji yakigeuka mvuke hujaza nafasi kubwa mara 1,800 hivi kuliko mwanzo. Alipima pia mvuke ulioingia katika silinda kila mara pistoni ilipopanda, akaona kwamba ulikuwa mwingi kuliko nafasi ya silinda mara kadhaa. Mvuke mwingine ulikwenda wapi? Ulipotea kwa kuipasha moto silinda yenyewe, ambayo ilikuwa imekwisha kupozwa na maji baridi. Hesabu yake ilionyesha kwamba karibu robo tatu ya mvuke ilipotea hivyo. Jambo jingine lilimshangaza: mvuke kidogo uliweza kupasha moto maji mengi. Alimwuliza Profesa Black, naye akamweleza juu ya joto fiche, yaani joto ambalo maji hulimeza yanapogeuka mvuke bila kuongeza kipimo cha themometa, na ambalo mvuke hulitoa tena unapogeuka maji.

Sasa fumbo lilikuwa wazi. Mvuke usipotee, silinda lazima iwe moto wakati wote. Mvuke ugeuke maji, silinda lazima ipozwe. Kitu kimoja kitakuwaje cha moto na cha baridi kwa wakati mmoja?

Fumbo hili lilimsumbua kwa zaidi ya mwaka. Jumapili moja, mwezi wa Mei mwaka 1765, Watt alikuwa akitembea katika uwanja wa majani wa mji wa Glasgow. Jawabu lilimjia njiani. Mvuke usipozwe ndani ya silinda hata kidogo. Utolewe, uingie katika chombo cha pili kilichounganishwa na silinda kwa bomba, na chombo hicho ndicho kiwe baridi daima. Silinda ingebaki ya moto. Chombo hicho cha pili huitwa kondensa. Katika muda wa siku chache alitengeneza mfano mdogo kwa vitu alivyokuwa navyo karakanani, nao ukafanya kazi.

Miaka kumi ya taabu

Mtu aweza kudhani kwamba hapo kazi ilikwisha. La, hapo ndipo taabu ilipoanza. Ni jambo moja kutengeneza mfano wa kuweka mezani, na ni jambo jingine kabisa kutengeneza mtambo mrefu kuliko nyumba, wenye silinda ambayo mtoto aweza kusimama ndani yake.

Taabu kubwa ilikuwa silinda. Pistoni yapaswa kuteleza ndani ya silinda bila kupitisha mvuke wala hewa. Newcomen alizuia upenyo kwa kumwaga maji juu ya pistoni, lakini Watt hakuweza kufanya hivyo, kwa kuwa maji yangeipoza silinda aliyotaka ibaki moto. Kwa hiyo alihitaji silinda ya mviringo kamili, tangu juu hata chini. Siku hizo hapakuwa na fundi aliyeweza kuitengeneza. Silinda zilisubiwa kwa chuma na kusuguliwa kwa mikono, na zilikuwa nyembamba huku, pana kule. Watt alijaribu kuziba nafasi kwa kizibo cha koki, kwa vitambaa, kwa karatasi iliyopondwa, hata kwa vipande vya kofia kuukuu. Mvuke ulitoka vivyo hivyo. John Smeaton, mhandisi mashuhuri kuliko wote wa Uingereza wakati huo, aliutazama mtambo, akausifu, lakini akaona kwamba hapakuwa na zana wala mafundi wa kuweza kuutengeneza sawasawa.

Fedha nazo zilikuwa haba. Watt alikuwa ameoa mwaka 1764, na mkewe, Margaret, alikuwa na watoto wa kulea. Mwenye kiwanda mmoja, Daktari John Roebuck, alilipa madeni yake, na mwaka 1769 Watt alipata hataza, yaani haki ya serikali inayomkataza mtu mwingine kuiga uvumbuzi. Lakini Roebuck hakuwa na fedha za kutosha. Ikambidi Watt aache mtambo wake na kufanya kazi ya kupima ardhi kwa ajili ya kuchimba mifereji ya mashua. Alitembea nyikani katika mvua na upepo kwa miaka mingi. Mwaka 1773, alipokuwa akipima mfereji mbali katika milima ya kaskazini, alipata habari kwamba mkewe ni mgonjwa sana. Alirudi kwa haraka, lakini alipofika mkewe alikuwa amekwisha kufariki katika uzazi. Mwaka huo huo Roebuck alifilisika. Watt alikuwa na umri wa miaka 37, mtambo wake ulikuwa umelala bila kazi na kushika kutu, naye alikuwa karibu kukata tamaa kabisa.

Silinda inapatikana

Msaada ulitoka Birmingham, mji wa mafundi wa vyuma katikati ya Uingereza. Huko Matthew Boulton alikuwa na kiwanda kikubwa mahali paitwapo Soho, ambamo mamia ya watu walitengeneza vifungo, bizimu na vyombo vya fedha. Boulton alikuwa mtu mchangamfu, hodari wa biashara, asiyeogopa kujaribu mambo makubwa. Alichukua fungu la Roebuck katika hataza, na mwaka 1774 Watt alihamia Birmingham pamoja na mtambo wake. Mmoja alikuwa na shaka siku zote, na wa pili hakuwa na shaka kamwe. Labda ndiyo sababu walifaana.

Wakati huo huo John Wilkinson, mwenye viwanda vya chuma, alikuwa amebuni mashine mpya ya kutoboa mizinga. Mashine za zamani zilishika chuma cha kukatia kwa upande mmoja tu, na upande wa pili uliyumba, kama fimbo ndefu inavyoyumba ukiishika nchani. Kwa ajili ya silinda za Watt, Wilkinson alitengeneza mashine nyingine, ambayo nondo yake ya kukatia ilipita ndani ya silinda yote na kushikwa imara pande zote mbili. Haikuyumba. Silinda yenye upana wa inchi 50, yaani mita moja na robo hivi, ilitobolewa nayo, na kosa lake halikuzidi unene wa sarafu kuukuu ya shilingi ya Kiingereza. Leo fundi wa kukereza vyuma angecheka kosa kama hilo, kwa kuwa mashine yake, ambayo mara nyingi huongozwa na kompyuta, hupima sehemu za mia za milimita. Lakini mwaka 1775 jambo hilo lilikuwa la ajabu, na bila hilo wazo la Watt lingebaki mfano wa mezani. Wanaosimulia habari za Watt mara nyingi humsahau Wilkinson, nalo si jambo la haki.

Mwaka 1776 mitambo miwili mikubwa ilianza kazi. Mmoja ulipiga bomba maji katika mgodi wa makaa karibu na Birmingham, na wa pili ulipuliza hewa katika tanuri la chuma la Wilkinson mwenyewe. Yote miwili ilitumia makaa machache sana kuliko mitambo ya zamani.

Watu waliotengeneza mitambo

Sasa tuingie kiwandani, tuone ni kazi ngapi zilihitajika ili mtambo mmoja usimame.

Kazi ilianza mezani kwa mchoraji. Watt mwenyewe alichora kwa miaka mingi, mpaka macho na kichwa vikamwuma. Baadaye aliajiriwa mchoraji wa kumsaidia. Mchoro ulionyesha kila kipande na vipimo vyake, hata fundi aliye mbali aweze kukitengeneza bila kumwona Watt. Seremala wa vielelezo aliufuata mchoro na kuchonga mti wenye umbo la kipande kinachotakiwa. Msubi aliukandamiza mti huo katika mchanga wenye unyevu, akautoa polepole, na ndani ya shimo lililobaki akamimina chuma kilichoyeyuka. Hii ni kazi ya hatari na ya ustadi: mchanga ukiwa na maji mengi, chuma huruka na kuunguza, ukiwa mkavu mno, umbo hubomoka. Kipande kilipopoa kilipelekwa kwa mtoboaji na mkerezaji, kisha kwa mfua vyuma au kwa mafundi wa jiliwa na tupa, waliosawazisha valvu mpaka zisipitishe mvuke. Mwisho alikuwapo mwunganishaji. Huyu alisafiri na vipande hadi mgodini, akavipanga, akavifunga, akauwasha mtambo, na akakaa huko mpaka wenye mgodi waliporidhika.

Kazi hizi zote zingali zipo leo katika viwanda vya mashine, ingawa zana zimebadilika. Mchoraji hutumia kompyuta badala ya kalamu ya wino. Msubi hupima joto la tanuri kwa chombo cha umeme. Mkerezaji huandikia mashine yake maagizo. Tena zimeongezeka kazi ambazo Watt hakuzijua, kama ya mchomeleaji na ya fundi umeme wa mitambo. Ukipita karibu na karakana, simama mlangoni, umwombe fundi ruhusa, utazame kwa makini jinsi anavyopima kabla ya kukata.

Kati ya mafundi wa Soho aliyesifika zaidi ni William Murdoch. Husimuliwa kwamba mwaka 1777 alikuja kuomba kazi, na kwa haya akaangusha kofia yake sakafuni, ikalia kama ubao. Boulton alimwuliza kofia ile ni ya nini, akajibiwa kwamba ni ya mti, nayo imekerezwa na Murdoch mwenyewe kwa mashine aliyoiunda. Kukereza kitu ambacho si mviringo kamili, kama kichwa cha mtu, ni kazi ngumu, na kijana alipata ajira papo hapo. Baadaye Murdoch alitumwa Cornwall, kwenye migodi ya bati na shaba, na mwaka 1792 alitia katika nyumba yake huko taa za gesi iliyotokana na makaa ya mawe.

Wenye migodi ya Cornwall hawakununua mtambo kwa bei moja. Walilipa kila mwaka theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa, yakilinganishwa na yale ambayo mtambo wa zamani ungetumia. Ili pasiwe na udanganyifu, Watt alitia katika kila mtambo chombo cha kuhesabu mivuto, akakifunga kwa kufuli. Mwanzoni walifurahi. Miaka ilipopita, walichoka kulipa na kuanza kunung'unika.

Mtambo unazungusha magurudumu

Mpaka hapo mtambo ulijua kuvuta juu na chini tu. Viwanda vya kusokota pamba na vinu vya kusaga nafaka vilihitaji gurudumu linalozunguka. Njia rahisi ya kugeuza mwendo wa juu na chini kuwa wa kuzunguka ni kombo, kama ile ya kanyagio la cherehani, lakini mtu mwingine alikuwa amekwisha kupata hataza ya kuitumia katika mtambo wa mvuke. Watt na wenzake walibuni njia nyingine mwaka 1781: gurudumu moja la meno lililozunguka kando ya jingine, kama sayari izungukavyo jua. Mwaka 1782 alipata hataza ya mtambo ambao mvuke uliusukuma pande zote mbili za pistoni. Mwaka 1784 alibuni mpango wa vyuma vya kuungana unaoiongoza fito ya pistoni ipande wima ingawa ncha ya boriti huenda kwa tao. Kati ya kazi zake zote, hii ndiyo iliyompendeza mwenyewe zaidi.

Mwaka 1788 alitia kidhibiti mwendo, chombo kilichokuwa kikitumika katika vinu vya upepo. Ni mipira miwili ya chuma inayozungushwa na mtambo wenyewe. Mtambo ukienda mbio mno, mipira hutanuka kama sketi ya mchezaji ngoma anayezunguka, na kwa kutanuka hupunguza mvuke uingiao. Mtambo ukipungua mwendo, mipira hushuka na kufungua njia ya mvuke. Hivyo mashine hujirekebisha bila mkono wa mtu. Mashine nyingi za viwanda vya leo hufuata kanuni hiyo hiyo, ingawa mipira imeacha nafasi kwa vyombo vya umeme.

Wanunuzi waliuliza mtambo mmoja utachukua mahali pa farasi wangapi, kwani farasi ndio waliozungusha vinu. Watt aliweka kipimo: farasi mmoja ni sawa na kuinua kilo 76 hivi kwa mita moja katika kila sekunde. Huo ndio mwanzo wa nguvu ya farasi, ambayo mpaka leo madereva huitaja wanaposifu magari yao. Nguvu ya farasi mmoja ni karibu wati 746.

Mwaka 1796 Boulton, Watt na wana wao walifungua kiwanda kipya cha kusubu, kando ya mfereji karibu na Birmingham. Kilipangwa kwa ajili ya mitambo ya mvuke tangu mwanzo: kila kazi katika jengo lake, na vipande vikipita kutoka mkono hadi mkono kwa utaratibu. Wafanyakazi walichanga sehemu ya ujira wao ili aliyeugua au kuumia asaidiwe. Hadi mwaka 1800 mitambo iliyojengwa kwa hataza ya Watt ilikuwa karibu 500.

Tusimsifu Watt kupita kiasi. Aliogopa mvuke wenye nguvu nyingi, akidhani boila zitapasuka na kuua watu. Hofu yake ilikuwa na sababu, kwa maana boila nyingi zilipasuka kweli miaka iliyofuata. Lakini aliitumia hataza yake kuwazuia wengine, akawapeleka mahakamani waliojaribu mitambo tofauti. Hataza ilipokwisha mwaka 1800, wengine walisonga mbele upesi. Richard Trevithick, mwana wa Cornwall, aliendesha garimoshi la kwanza juu ya reli mwaka 1804, kwa mvuke ule ule wa nguvu nyingi ambao Watt aliuogopa. Na mitambo yenyewe haikumletea kila mtu heri. Katika viwanda vya pamba watoto wa umri wenu walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na kampuni ya Soho iliuza mitambo pia kwa mashamba ya miwa ya Karibiani, ambako watumwa wa Kiafrika walikata miwa iliyosagwa na mitambo hiyo.

Uzee wake

Watt alistaafu mwaka 1800. Alikuwa ameoa mara ya pili, na watoto wake kadhaa walikuwa wamemtangulia kaburini, akiwamo Gregory, mwana aliyempenda sana, aliyefariki mwaka 1804. Maumivu ya kichwa yaliyomtesa tangu utoto yalipungua uzeeni. Katika nyumba yake karibu na Birmingham alijitengenezea karakana chini ya paa, penye dirisha moja, mashine ya kukereza na jiko dogo la kupashia chakula, ili asishuke chini wakati wa kazi.

Humo aliunda mashine za kunakili sanamu. Ncha moja ya mashine ilipitishwa polepole juu ya sanamu, na ncha ya pili, yenye kekee, ikachonga umbo lile lile katika jiwe au pembe ya ndovu, kwa ukubwa ule ule au kwa udogo. Aliwagawia rafiki zake sanamu hizo, akiwatania kwamba ni kazi ya kijana anayeanza kujifunza, aliyeingia mwaka wake wa 83. Alifariki tarehe 25 Agosti, 1819, mashine hizo zikiwa bado hazijakamilika.

Karakana ile ilifungwa, ikaachwa kama alivyoiacha. Mwaka 1924 vitu vyote vilivyokuwamo, zaidi ya 8,000, vilichukuliwa pamoja na mlango, dirisha na sakafu, vikapelekwa katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London. Tupa na patasi zake zimo humo hata leo, na aproni yake ya ngozi.